Kengele za Mkono kwa Heshima ya Rafiki: Utunzi Unapogoma Mazoezini

Kwaya imekuagiza utunge wimbo wa kengele za mkono wa kumuenzi rafiki yao, ambaye huenda ni rafiki yako pia. Umeandika, umetuma, wamejipanga mezani, wamepiga, na kilichosikika siyo ulichokuwa nacho kichwani. Kabla hujafuta hata nota moja, jua kwamba kila kengele ni ya nota moja, na kila nota ina mtu wake. Kosa linaloonekana kuwa la muziki mara nyingi ni la mikono: kuna mtu fulani aliyesimama mahali fulani mezani, ameombwa afanye jambo ambalo mikono miwili haiwezi. Mtafute huyo kwanza.

Mifano yote hapa ni ya seti ya oktava 3, C4 hadi C7 (herufi ni jina la nota, namba ni oktava yake), kengele 37, kwa sababu ndiyo seti ambayo kwaya nyingi za makanisa ya Marekani wanayo. Seti ya oktava 2 ni G4 hadi G6, kengele 25, na ya oktava 5 ni C3 hadi C8, kengele 61. Kwa oktava 3, mgawo wa kawaida ni wapigaji 11, kila mmoja na herufi mbili zinazofuatana: C4 na D4, E4 na F4, G4 na A4, B4 na C5, D5 na E5, F5 na G5, A5 na B5, C6 na D6, E6 na F6, G6 na A6, B6 na C7. Shapu na flati humwendea mwenye herufi hiyo: F shapu ni ya mwenye F, B flati ni ya mwenye B. Chora mgawo huu kwenye karatasi, safu moja kwa kila mtu, uibandike ukutani unapotungia. Bila karatasi hiyo, mengine yote ni kubahatisha.

Nota zinapotea wimbo unapopanda Doh

Hili ndilo linalowaangusha wengi. Kwaya inapiga vizuri hadi kipimo cha 16, Doh, nota ya msingi ya wimbo, inahama kutoka F kwenda G, kisha vipimo viwili vinajaa mapengo. Mwalimu anasema "tuwe makini", wanarudia, mapengo yanabaki palepale.

Hesabu mikono. Doh ikiwa F, kengele zote za B ni flati. Doh ikihamia G, B inarudi kuwa ya kawaida na F inakuwa shapu. Kwenye seti ya oktava 3 zipo F tatu na B tatu. Ukitazama ile karatasi ukutani utaona kwamba kengele hizo sita zinashikwa na watu sita tofauti. Kwa hiyo kwenye mstari mmoja wa kipimo, watu sita kati ya 11 wanatakiwa kuweka kengele chini, kuokota nyingine na kuipiga kwa wakati. Mwendo ukiwa mapigo 96 kwa dakika, pigo moja ni kama sekunde 0.6. Hapo umakini hauna la kufanya.

Dawa yake wanakwaya waliolelewa kwenye solfa wanaijua tayari: nota ya daraja. So ya Doh ya zamani ndiyo fa ya Doh mpya. Tumia kipimo kizima cha sauti za C, E na G tu. Ndani yake hamna F wala B, kwa hiyo wale sita wana kipimo kizima cha kubadilisha. Mwenye E4 na F4 anaendelea kupiga E kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiweka F na kuokota F shapu. Mwenye B4 na C5 anafanya vivyo hivyo, C inaendelea kulia. Kwa mapigo manne na mwendo wa 80, hizo ni sekunde tatu. Kipimo kinachofuata weka D, F shapu, A na C, halafu tua kwenye G. Msikilizaji atasikia daraja safi, wala hatajua kwamba pale kati watu sita walikuwa wakihama nyumba.

Kwa mabadiliko madogo ya kengele moja tu, mwachie mpigaji angalau mapigo mawili ya kimya kwenye mkono unaobadilisha. Ukishindwa kuyapata, angalia kama jirani yake yuko huru. F shapu na G flati ni kengele moja, kwa hiyo inaweza kumwendea mwenye G kwa kipimo hicho. Andika hivyo waziwazi kwenye nota, usiache wabishane mezani.

Chini kunanguruma

Sauti za juu zinasikika, lakini besi imekuwa tope. Mwalimu anawaambia wapigaji wa chini wapunguze nguvu, wanapunguza, tope linabaki ila sasa ni tope la chinichini.

Sababu iko ndani ya kengele yenyewe. Kengele za mkono za asili ya Uingereza huchongwa ndani hadi sauti mbili zikae sawa: ile inayotajwa kwenye mpini, na ya pili iliyo juu yake kwa oktava moja na hatua tano za solfa, yaani so ya oktava ya pili. C4 inapolia, ndani yake G5 inalia pia. Ukiweka E4 kando yake, B5 nayo inaingia. Uliandika nota mbili, masikio yanapokea nne, na B inasuguana na C. Kengele ndogo hazikusumbui hivyo kwa sababu sauti yao inakufa haraka, bali kubwa hukaa.

Chini ya C5 acha nafasi. Tumia oktava, au hatua tano, au hatua kumi: C4, G4, kisha E5. Ile mi inayokaa karibu na do kwenye piano, ipandishe oktava moja. Mara nyingi kufanya hivyo tu kunatosha.

Kama nafasi ipo na tope bado lipo, tazama alama za LV. LV inamwambia mpigaji asizime kengele. Inabaki na nguvu mpaka ije R, yaani rudi kupiga kama kawaida, au LV nyingine ambayo huzima za mwanzo na kuanza upya. Watunzi wageni huiandika mwanzoni mwa ukurasa na kuisahau. Weka LV mahali ambapo sauti za pamoja hazibadiliki, au kwenye wimbo wa nota tano usio na fa wala ti, na unaweza kuiandika kwa stafu ya juu peke yake ili besi iendelee kuzimwa begani kama kawaida. Kumbuka kwamba kwenye kengele urefu wa nota ni amri ya lini uizime. Ukiandika nota ya mapigo mawili pale ulipotaka moja, utaipata ya mawili.

Kwenye kompyuta ilikuwa tamu, kanisani imekuwa kali

Nota za kengele huandikwa oktava moja chini ya zinavyolia. Kengele iliyochorwa C5 inakaa kwenye stafu pale ambapo mpiga piano angeona C ya kati, lakini sauti yake ni ya juu zaidi kwa oktava. Programu nyingi za kuandikia nota, zikiachwa kwenye piano, zitakuchezea oktava ya chini na utazoea ulaini usiokuwepo. Jaribio ni jepesi: andika A kwenye nafasi ya pili ya stafu ya juu, ichezeshe, ipime kwa programu ya kupima sauti kwenye simu. Isome herzi 880. Ikisoma 440, weka chombo kipandishe oktava kisha usikilize kazi yako yote upya kabla hujarekebisha chochote.

Na programu haiweki kengele chini wala kuokota nyingine. Mwendo inaoucheza bila kutoa jasho, punguza.

Wimbo wa nyumbani unagonga kama nyundo

Mara nyingi rafiki anaenziwa kwa wimbo aliokuwa akiupenda, na kama alitoka Moshi au Bukoba au Kakamega, huenda ni wimbo wa kwaya, mwendo wa 6/8, wenye maneno mengi juu ya nota ileile: so so so so la so. Kinywani ni utamu mtupu, kwa sababu silabi zinabadilika ingawa sauti imetulia. Kengele haina silabi. Doh ikiwa F, so hiyo ni C6, na mtu mmoja anaigonga mara nne mfululizo. Kwa mapigo makubwa 72 kwa dakika, nota ndogo moja ni sekunde 0.28 hivi, na anayesikiliza anasikia mtu akibisha hodi.

Unganisha zile so nne ziwe nota moja ndefu, halafu mdundo wa maneno uhamishie kwingine. Kengele tatu au nne za kati zinazobanwa kwa kidole gumba, alama yake TD, hutoa mlio mfupi mkavu unaofanya kazi ya makofi. Virungu juu ya kengele zilizolazwa kwenye sponji hufanya kazi hiyo hata vizuri zaidi, na mikono hupata urahisi wa kurudia haraka. Hivyo wimbo unabaki na ucheze wake bila kumsulubu mwenye C6. Kwa kengele kubwa, C4 na jirani zake, usiombe marudio ya haraka kabisa. Ulimi ni mzito, nao haurudi kabla haujaenda.

Angalia pia kama wimbo una mwenyewe. Kwa Marekani, uliochapishwa zaidi ya miaka 95 iliyopita uko huru. Usidhani wimbo wa kwaya ya nyumbani hauna mtunzi kwa sababu tu kila mtu anauimba. Tafuta jina na ruhusa ya maandishi kabla hujaanza, maana baada ya onyesho utakuwa unaomba msamaha.

Jina la rafiki limeingizwa, lakini halisikiki kama wimbo

Kuficha jina ndani ya nota ni desturi ya zamani Ulaya. Wajerumani wana bahati, kwao B ni B flati na H ni B ya kawaida, ndiyo maana Bach aliweza kuandika jina lake lote kwa nota nne. Jina la Kiswahili likipitishwa njia hiyo linabaki mifupa. Zawadi, kwa mfano, lina A, A na D tu. Wengine huzungusha alfabeti nzima kwa A hadi G, na hapo Zawadi inakuwa E, A, B, A, D, B. Tazama ile karatasi ukutani: nota nne kati ya sita zimemwangukia mwenye A5 na B5.

Njia inayolifaa jina la Kiswahili ni ya irabu, ambayo watunzi wa Ulaya waliitumia tangu karne za 15 na 16. Kila irabu inachukua silabi ya solfa yenye irabu hiyo: A ni fa au la, E ni re, I ni mi au ti, O ni do au so, na U ni do, kwa jina lake la kale la ut. Majina yetu yana irabu kila silabi, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Za-wa-di ni la, fa, mi: mteremko wa upole unaoimbika. Doh ikiwa F, hizo ni D6, B flati 5 na A5. Mwenye C6 na D6 anaanza, mwenye A5 na B5 anamalizia kwa mikono yake miwili bila kubadilisha kengele. Jina kama Baraka litakupa a tatu, basi chagua la, fa, la, usirudie nota moja mara tatu.

Likishapatikana, jina liwe mwanzoni kwenye mwendo wa wazi, sauti moja bila kusindikizwa, lirudi katikati, na liwe la mwisho kusikika. Likifichwa ndani ya besi pekee, utalijua wewe tu.

Kuna njia nyingine ambayo kwa maoni yetu ni bora kuliko herufi zote. Kama rafiki huyo alipiga kengele kwa miaka mingi, alikuwa na mahali pake mezani. Aliyeshika B4 na C5 tayari ana nota zake mbili. Jenga ufunguzi juu ya hizo mbili, ziende na kurudi polepole, wengine waingie juu yake. Wapigaji wenzake watazitambua kabla ya kusoma jina lililoandikwa juu ya ukurasa.

Hapo kuna mtego ambao haumo kwenye nota. Siku ya onyesho, rafiki anayeenziwa akiwa hai, hukalishwa kiti cha mbele. Kwaya ya watu 11 inabaki na 10, tena nafasi iliyo tupu ndiyo yake. Uliza mapema ni nani atashika kengele zake, na mtu huyo ahudhurie mazoezi yote, siyo ya mwisho tu.

Wimbo mkuu unamezwa, nota ndefu zinakufa

Kengele ikishapigwa haiwezi kuongezwa sauti. Wimbo mkuu ukikaa katikati ya sauti za pamoja, utazama. Uweke juu, kati ya D5 na G6, na pale unapotaka utawale uongeze oktava. Wasindikizaji wape chaimu, zile mirija ya alumini zenye sauti laini isiyo na ncha, kama kwaya inazo. Kwa nota ndefu juu ya C6, andika SK: mpigaji anaitikisa kengele na sauti inaendelea. Chini ya C5 usiiombe, mkono unachoka na sauti inayumba.

Wawili wanatoka jasho, watatu wanaangalia dari

Rudi kwenye safu 11, weka kistari kwa kila nota, ukurasa kwa ukurasa. Kwa kawaida D5 hadi B5 hujaa na pembeni hubaki wazi. Mtu mwenye vistari 40 wakati jirani ana vitano anahitaji kupunguziwa: hamisha wimbo oktava moja kwa vipimo vinane, au wape wa juu mwitikio. Kama kwaya ina wapigaji 10 tu, zile nne za juu, G6 hadi C7, mtu mmoja mzoefu anaweza kuzishika mbili kila mkono, mradi hujamwandikia shapu na flati.

Mart inatoa mlio wa bati

Mart (martellato), alama ya pembetatu iliyoelekea chini, humwambia mpigaji ailaze kengele kwa nguvu kwenye meza huku ikilia. Ikitoa mlio wa bati, uliza kuhusu meza kabla ya kulaumu nota. Panatakiwa sponji la unene wa sentimita 10 hivi, limefunikwa kitambaa, na mwili mzima wa kengele utue kwa pamoja. Kutanguliza ukingo, au kutua kwenye mbao tupu, kunaweza kuipasua. Kengele za chini kabisa usiziandikie mart ya haraka. Kubembeza, alama SW, nako kunataka muda: mkono unashuka hadi nyuma ya nyonga na kurudi, na kwa mwendo wa 120 haufiki popote.

Wanapotea kwenye karatasi

C5 na za chini yake ziandikwe stafu ya chini, D5 na za juu yake stafu ya juu, daima, hata kama mstari unavunjika vibaya machoni. Mgawo wa mezani unakatika hapohapo, kwa hiyo kila mpigaji anasoma stafu moja tu. Ukihamisha D5 chini kwa kipimo kimoja ili ipendeze, mwenyewe hataiona.

Weka namba kwenye kila kipimo. Mwanzoni chora kengele zote zinazotumika, na andika jumla yake. Kugeuza ukurasa kunahitaji mkono usio na kengele, kwa hiyo kila ukurasa wa kulia uishie kwenye kimya au nota ndefu. Wapigaji hupaka nota zao rangi, mkono wa kushoto moja na wa kulia nyingine, basi acha nafasi kati ya mistari, usibane ili kuokoa karatasi.

Aliyeagiza hajaridhika

Anasema ni mgumu mno, au mfupi, au hakutaka iwe na huzuni. Wakati mwingine ana haki, lakini mara nyingi hakuulizwa. Kabla ya nota ya kwanza andikianeni ukurasa mmoja: oktava ngapi, chaimu zipo au hazipo, wapigaji halisi wangapi (siyo waliomo kwenye orodha), dakika ngapi, na kiwango cha ugumu. Chama cha Handbell Musicians of America, kilichoanzishwa 1954, kina mfumo wa viwango 1 hadi 6. Mwombe aliyeagiza ataje nyimbo mbili ambazo kwaya yake huzipiga vizuri, utajua kiwango chao kuliko namba watakayojipa.

Malipo nusu mwanzoni, nusu wakati wa kukabidhi. Andika kwamba haki ya utunzi inabaki kwako, kwamba onyesho la kwanza ni la kwaya hiyo, na kwa miezi mingapi wataipiga peke yao kabla hujawapa wengine. Marekebisho ya bure yawe mara moja, baada ya mazoezi ya kwanza, ndiyo maana nota zifike wiki 10 hadi 12 kabla ya siku yenyewe.

Maneno ya heshima yanakaa chini ya kichwa cha wimbo, herufi ndogo, mstari mmoja au miwili: jina, aliyeagiza, mwaka. Mpelekee ndugu wa karibu wa rafiki huyo ayasome kabla ya kuchapa. Tahajia ya jina ikikosewa pale, hakuna kipimo cha kuirekebisha.